Vioo vya Pembeni kwenye Land Rover ya Zamani: Niliyojifunza Dodoma

Gari la zamani linapopelekwa gereji kufungwa vioo vya pembeni, ambavyo wengi wetu tunaviita saiti mira, mazungumzo huanza na tundu: litobolewe wapi, kwa biti ya ukubwa gani, na bolti zitapita upande upi. Baada ya kuisimamia kazi hiyo kwenye Land Rover ya familia yetu hapa Dodoma, ninaamini kwamba habari ya tundu inapaswa kuja mwisho kabisa. Inayotangulia ni kujua jicho la dereva linakuwa wapi anapokuwa ameketi kwa utulivu, mikono ikiwa kwenye usukani, kwa sababu kioo hakina kazi nyingine isipokuwa kulitumikia jicho hilo, na bodi ya gari lenye umri wa zaidi ya nusu karne haistahili kutobolewa kwa kubahatisha.

Gari lenyewe ni Land Rover Series IIA ya chesisi ndefu, ile ya inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, yenye turubai nyuma. Aina hiyo ilitengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1961 hadi 1971, na letu ni la miaka ya mwanzo, kwa kuwa taa zake kubwa bado zimekaa ndani karibu na grili, hazijahamishiwa kwenye madigadi kama zilivyohamishwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Marehemu baba alilitumia kati ya Kongwa na Dodoma mjini, likibeba mtama, karanga, mbuzi na ndugu. Lilitufikia likiwa na kioo kimoja tu cha nje, cha mviringo, kidogo kuliko kiganja, kilichosimama upande wa kulia juu ya kijiti chembamba cha chuma. Upande wa kushoto hapakuwa na kitu.

Kwa barabara za wakati wa baba, kioo hicho kimoja kilitosha. Uamuzi wa kuifanya Dodoma kuwa makao makuu ulipitishwa mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi baadaye mji uliendelea kuwa mtulivu, na mtu aliweza kuendesha kutoka Kizota hadi Majengo bila kupitwa na chombo chochote. Hali ilibadilika Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi kuanzia mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Leo kwenye mzunguko wowote wa barabara unakuta daladala, bajaji, malori yanayokwenda Singida na Mwanza, na juu ya yote bodaboda, ambao hupita kulia na kushoto kwa usawa. Sisi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, na dereva anakaa kulia. Kwa hiyo upande wa kushoto ndio ulio mbali na macho yake, na ndio huohuo ambao bodaboda hupenyea dereva anapojiandaa kukata kona ya kushoto. Kuendesha gari pana karibu mita 1.7, lenye turubai inayoziba kioo cha ndani kila linapobeba mzigo, huku upande wa kushoto ukiwa gizani kabisa, ni jambo ambalo sikuwa tayari kuliendeleza.

Kuna watu wanaopenda magari ya zamani ambao huliona jambo hili kama dhambi. Wanasema gari libaki kama lilivyotoka kiwandani, na kama kiwanda hakikuweka kioo, basi kisiwekwe. Ninauheshimu upendo huo, lakini historia yenyewe haiungi mkono ukali wake. Kioo cha kutazamia nyuma kilianza kama kitu cha kuongezwa na wenye magari, kabla viwanda havijakipa uzito. Dorothy Levitt, dereva wa mashindano wa Uingereza, aliwashauri wanawake wenye magari mwaka 1909 wabebe kioo kidogo cha mkononi ili wakiinue na kutazama nyuma wakiwa barabarani. Miaka miwili baadaye, Ray Harroun alishinda mashindano ya kwanza ya maili 500 ya Indianapolis, Marekani, akiwa peke yake garini, wakati wapinzani wake walikuwa na fundi pembeni wa kuwaangalizia nyuma. Yeye alikuwa amefunga kioo mbele yake. Hata Land Rover za miaka ya mwanzo ziliuzwa vioo vya nje vikiwa mara nyingi ni nyongeza ya mnunuzi. Anayeongeza kioo leo anaendeleza desturi ya tangu mwanzo.

Fundi niliyemwendea ni mzee wa bodi, mtu wa makamo ya baba yangu mdogo, ambaye amezishughulikia Land Rover tangu ujana wake na ambaye gereji yake ni mwembe mmoja mkubwa, kontena na uwanja wa udongo mwekundu. Nilimsalimu, akaitikia, akalizunguka gari polepole akiligonga kwa kidole hapa na pale. Nilikuwa nimebeba vioo viwili vya kutoka kwenye lori lililokatwa spea, nikavishika juu ya madigadi nikimwonyesha nilipofikiri vingekaa vizuri. Hakuvitazama.

"Mwalimu," aliniambia, "panda kwanza ukae. Kaa kama unavyokaa ukiwa umechoka unarudi Kongwa, usikae kama mtu anayepigwa picha."

Nilipanda nikakaa. Akafungua mlango wa upande wangu, akanitazama mgongo, akaniomba niegemee zaidi kwenye kiti, kisha akaufunga. Kuanzia hapo hadi jua lilipokuwa la utosi, kazi yote ilifanyika mimi nikiwa ndani na yeye akiwa nje, na hakuna aliyegusa drili.

Hapo ndipo nilipoliona jambo ambalo mwenye gari la bati la chuma asingelihitaji. Kwenye magari mengine fundi huweza kubandika kioo kwa sumaku, akakisogeza huku na huko mpaka dereva aridhike. Bodi ya Land Rover haishiki sumaku. Chuma kilikuwa cha mgao Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa mwaka 1948, bodi yake ilitengenezwa kwa aloi ya alumini iitwayo Birmabright. Chesisi na ukuta wa mbele unaobeba milango ndivyo vilivyokuwa vya chuma. Mzee alikuwa na dawa yake. Alichukua kipande cha ubao, akakipigilia mkono wa kioo juu yake, akakiweka juu ya madigadi na kukigandamiza kwa kifuko cha mchanga kilichoshonwa kwa kitambaa cha turubai. Chini ya ubao alitandika tambara ili rangi isikwaruzwe. Kwa chombo hicho alikihamisha kioo kidogo kidogo, mbele, nyuma, nje, ndani, nami nikimweleza ninachokiona: sasa ninaona mwembe, sasa ninaona boneti tu, sasa ninaona barabara lakini nguzo ya kioo cha mbele imeingia katikati.

Nguzo hiyo ilitushughulisha sana, na waipa zilitushughulisha zaidi. Kioo kilichofungwa juu ya madigadi hutazamwa kupitia kioo cha mbele cha gari, na waipa za Land Rover za zamani ni fupi. Kila moja hufagia nusu duara ndogo na kuacha pembe zote zikiwa na vumbi au maji. Dodoma huwa na vumbi karibu mwaka mzima, na mvua zinapoanza mwezi Desemba vumbi lile hugeuka tope jembamba juu ya kioo. Saiti mira ambayo inaonekana vizuri gari likiwa safi chini ya mwembe, lakini inayotazamwa kupitia pembe isiyofagiwa, itakuwa haipo siku ile inayohitajika kuliko zote. Mzee alimwaga maji ya vumbi juu ya kioo cha mbele, akaniambia niwashe waipa, halafu akachora kwa chaki, upande wa nje, mpaka wa sehemu iliyofagiwa. Baada ya hapo sheria ilikuwa moja tu: kila kioo lazima kionekane chote ndani ya mstari wa chaki.

Sheria hiyo ilikuwa na matokeo yasiyopendeza machoni mwa baadhi ya watu. Kwa kuwa jicho liko kulia, kioo cha kushoto kilijikuta mbele zaidi na ndani zaidi kuliko cha kulia. Vikitazamwa kutoka mbele ya gari, vioo havilingani. Jirani yangu mmoja, mwenye Peugeot ya zamani anayoitunza kwa mapenzi makubwa, aliniomba nivisawazishe kabla ya kutoboa. Nilimjibu kwamba dereva hakai katikati ya gari, na sikuona sababu ya vioo kupangwa kana kwamba anakaa hapo. Bado ninashikilia msimamo huo. Ulinganifu una thamani yake kwenye taa na kwenye grili. Kwenye kioo cha kutazamia nyuma hauna thamani yoyote.

Wapo waliopendekeza milangoni, na pendekezo hilo nililipima kwa uzito wake, kwa sababu lina faida moja kubwa: kioo kilicho karibu na dereva huonyesha eneo pana zaidi. Hesabu yake ni rahisi na inafaa kila mwenye gari kuielewa. Kioo bapa chenye upana wa sentimita 15, kikiwa sentimita 60 kutoka machoni, humpa dereva mwenye macho mawili pembe ya takribani nyuzi 20. Kioo hichohicho kikisogezwa mbali hadi mita moja na nusu, pembe hupungua na kuwa kama nyuzi 8. Kwa lugha ya barabarani, mita 30 nyuma ya gari, cha karibu kinaonyesha upana wa mita 11 hivi, na cha mbali kinaonyesha mita 4 na nusu, ambazo hazizidi sana njia moja ya barabara. Ndiyo maana kioo bapa kikubwa chenye sura nzuri, kikiwekwa kwenye ncha ya madigadi, huwa kama tundu la ufunguo.

Hata hivyo mlango wa Land Rover hii haufai kubeba kioo bila kuimarishwa. Ngozi yake ni bati jembamba la alumini juu ya fremu, na sehemu ya juu yenye dirisha hufunguliwa kwa bolti na kuondolewa. Dirisha lenyewe ni la kusukuma, vioo vyake viwili vikipishana katikati, na mfereji wake hukusanya vumbi linalokwaruza vioo mpaka vinakuwa na ukungu. Kwa upande wa kushoto, dereva angelazimika kutazama kupitia ukungu huo, ng'ambo ya abiria, huku abiria akiwa ameegemea mbele kutafuta kitu mfukoni. Land Rover za baadaye zinazoitwa Defender zilipata vioo vilivyofungwa kwenye bawaba ya juu ya mlango, na mahali hapo ni imara kweli. Mwenye gari anayeendesha peke yake mara nyingi, tena mjini tu, angefanya vizuri kukifikiria. Mimi nilichagua madigadi, na nikachagua vioo mbinuko, vile ambavyo uso wake umebinuka kwa nje, badala ya vioo bapa, ili mbinuko urudishe upana ambao umbali umeuchukua.

Kioo mbinuko kina gharama yake. Kinaonyesha eneo pana kwa kulipunguza, na kitu kilichopunguzwa huonekana kiko mbali kuliko kilivyo. Lori linaloonekana dogo huko nyuma, kwenye mteremko wa kuingia Dodoma kutoka upande wa Morogoro, linaweza kuwa limekaribia sana. Kwa hiyo nilibakiza kioo cha ndani kikiwa bapa, na pale turubai inapokuwa imekunjwa ninalinganisha picha mbili kabla ya kuhama njia: kioo cha nje kinaniambia kwamba kuna kitu, kioo cha ndani kinaniambia kiko umbali gani. Turubai ikiwa imefungwa na mzigo umejaa, ninachukulia kwamba kila kinachoonekana kwenye kioo cha nje kiko karibu, na ninasubiri kipite. Kuna faida moja ambayo sikuambiwa na mtu, nimeiona mwenyewe nikisafiri alfajiri: taa kali za mabasi yanayokuja nyuma haziumizi macho kama zinavyoumiza kwenye kioo bapa cha ndani, kwa kuwa mbinuko hutawanya mwanga.

Sasa habari ya matundu. Madigadi ya kulia ilikuwa na matundu matatu ya zamani, yaliyotobolewa na gereji fulani miaka mingi iliyopita bila mpango. Mzee alipofungua bolti ya kile kioo kidogo, tuliona kitu ambacho kila mwenye Land Rover anapaswa kukijua kwa macho yake: kuzunguka bolti, chini ya rangi, alumini ilikuwa imefura malengelenge, na alipoyakwangua kwa ncha ya bisibisi ulimwagika unga mweupe, mkavu, kama chokaa. Chini ya unga huo bati lilikuwa limeliwa mpaka kidole kidogo kingeweza kupita. Bolti yenyewe ilikuwa na kutu kidogo tu. Chuma na alumini vikigusana penye unyevu, hasa unyevu wenye chumvi, umeme mdogo hutiririka kati yake, na kinacholiwa ni alumini. Watu hudhani kwamba Dodoma, kwa ukame wake, tumesalimika na jambo hilo. Lakini maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na kwa maji hayohayo ndiyo tunayooshea magari. Yanakauka chini ya washa, kile kipete cha chuma kinachokaa kati ya bolti na bati, na kuacha chumvi yake humo, na kila yanaporudi yanakuta kazi inaendelea.

Kwa sababu hiyo tulikubaliana na mzee juu ya mambo ambayo hatukuyapunguza. Bolti ziwe zenye ngozi ya zinki, si chuma kitupu. Chini ya mguu wa kioo pakae raba iliyokatwa kwa kipimo kutoka kwenye tyubu ya gurudumu, ili chuma kisiguse bati. Kila bolti ivikwe kijimpira kidogo cha plastiki pale inapopita tunduni. Ndani ya madigadi, badala ya washa peke yake, pakae sahani ya alumini pana kama kiganja, iliyopinda kidogo kufuata umbo la bodi, ili nguvu ya kioo isambae. Nati ziwe zile zenye nailoni ndani, zisizolegea kwa mtikisiko, na juu yake ipakwe grisi nzito, kwa kuwa upande wa chini wa madigadi uko wazi kwa gurudumu na hupigwa na kila jiwe na kila tope.

Sahani hiyo ndiyo iliyotuwezesha kutumia matundu ya zamani ya upande wa kulia. Mawili kati yake yaliangukia ndani ya eneo ambalo mstari wa chaki uliruhusu, na mzee aliyasafisha kwa tupa na msasa mpaka alumini ikang'aa, akapaka praima, yaani rangi ya chini, inayoshika alumini, akayaziba upya kwa sahani na mguu wa kioo. Tundu la tatu, lililoliwa zaidi, lilizibwa kwa kiraka cha alumini na ribiti za alumini. Upande wa kulia, basi, haukupata tundu jipya hata moja, na jambo hilo lilinifurahisha kuliko yote. Ninawasihi wenye magari ya zamani wakague kwanza matundu na bolti zilizopo, za bawaba, za ukingo wa boneti, za nguzo ya kioo cha mbele, kabla ya kukubali matundu mapya. Kwenye Volkswagen za zamani, zile zenye mgongo wa mviringo, magari ya kabla ya mwaka 1968 yalifungwa mkono wa kioo kwenye pini ya bawaba ya mlango, na mwenye gari la aina hiyo hana haja ya kutoboa kitu.

Upande wa kushoto hatukuwa na la kufanya, ilibidi kutoboa. Mzee alitoa waya wa betri kwanza, akaingiza mkono chini ya madigadi kuhakikisha hakuna waya wa taa unaopita hapo, akausogeza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto ili aone gurudumu linafika wapi. Alibandika karatasi ya gundi juu ya rangi, akahamisha alama za mguu wa kioo juu ya karatasi hiyo, akapiga kila alama kwa panchi ili biti isiteleze. Kijana wake alishika kipande cha mbao upande wa chini, kikigandamiza bati. Alianza kwa biti nyembamba, akapanua kwa biti kubwa zaidi, drili ikizunguka polepole, na vipande vya alumini vikatoka virefu vilivyojisokota na kuanguka juu ya karatasi. Bati lina unene wa zaidi kidogo ya milimita moja. Likitobolewa kwa haraka na biti nene, hupinda na kuchanika ukingoni. Baada ya kutoboa alizungusha tupa ndogo ya duara ndani ya kila tundu, akapitisha ncha ya kidole kuona kama kuna makali, akapaka praima mpaka kwenye ukingo wenyewe, akaiacha ikauke vizuri. Sehemu hiyo ya mwisho mafundi wengi huiruka, na ndiyo inayoamua kama malengelenge yatarudi.

Vioo vilipokuwa vimekaza, tulitoka kuvijaribu. Barabara kuu zinazoingia Dodoma zina lami nzuri, na juu ya lami karibu kioo chochote hutulia. Niliomba twende kwenye njia ya vumbi, kwenye ile mikunjo inayofanywa na malori ya mchanga. Hapo ndipo mkono wa kioo unapohukumiwa. Harroun mwenyewe alieleza baadaye kwamba njia ya matofali ya Indianapolis ilikitikisa kioo chake kiasi kwamba hakuweza kuona kitu cha maana. Kioo kidogo cha baba, juu ya kijiti chake kimoja, kilikuwa na ugonjwa huo. Picha iligeuka ukungu hata injini ikinguruma tu bila gari kwenda. Vioo vipya vina mkono wenye miguu miwili iliyoachana, na tofauti ilikuwa dhahiri, ingawa cha kushoto kiliendelea kutetema kidogo kwenye mwendo fulani. Mzee alitazama kwa muda, akafupisha mkono wake, akarudisha nati, na mtetemo ukapungua hadi kiwango ambacho namba ya gari la nyuma ingeweza kusomeka kwa shida. Mkono mrefu hukitoa kioo nje zaidi ya ubavu wa gari, lakini hupeleka mtikisiko mwingi. Kila gari lina kipimo chake kati ya mawili hayo, na kipimo hicho hupatikana barabarani tu.

Kurekebisha pembe za vioo vya madigadi kunahitaji watu wawili, kwa sababu dereva hawezi kuvifikia akiwa ameketi. Mpwa wangu alisimama nje, nami nikiwa kitini nikamwelekeza mpaka ubavu wa gari ukaonekana kama ukanda mwembamba ukingoni mwa kioo, na upeo wa macho ukakata kioo katikati. Kisha tulimwomba kijana wa jirani azunguke gari polepole kwa baiskeli, akianzia mbali nyuma, akipita kushoto, akiishia mbele ya mlango, na kila alipopotea kwenye kioo nilipiga honi naye akaweka jiwe chini. Upande wa kushoto mawe yalionyesha kipande kifupi sawa na mlango wa abiria ambamo mwendesha baiskeli hakuonekana kwenye kioo wala kwa jicho la kawaida. Kipande hicho hakikuisha hata tulipobadilisha pembe. Sasa ninakijua kilipo, na kabla ya kukata kona ya kushoto ninageuza shingo na kutazama kupitia dirisha la abiria. Ninapendekeza zoezi hilo kwa kila mtu, hata mwenye gari jipya. Hakuna kitabu cha gari kitakachokuonyesha kipande chako kwa uwazi kama mawe hayo yaliyopangwa chini.

Yaliyobaki ni madogo. Mikono yote miwili inakunjika ikisukumwa, na hilo si anasa kwa mtu anayepaki karibu na soko la Majengo, ambako mkokoteni mmoja wa magunia unatosha kung'oa kioo kilichogoma kujikunja pamoja na bati lake. Niliandikisha namba ya gari kwenye vioo vyenyewe, kama wenye magari wengi wa hapa wanavyofanya, kwa kuwa saiti mira ni kitu kinachoibwa kwa wepesi na kuuzwa kwa wepesi. Askari wa usalama barabarani wanapokagua magari wakati wa Wiki ya Nenda kwa Usalama, wanapita kwenye vioo hivi haraka na kwenda kwenye breki na taa.

Mpwa wangu naye huliendesha gari hili, na yeye ni mrefu kunizidi kwa kichwa. Vioo vilivyokaa sawa kwangu vinamwonyesha yeye ardhi. Mzee alitushauri tusikaze na kulegeza ovyo, tukubaliane alama: kwenye kifundo cha kila mkono kuna doa la rangi nyeupe la kwangu na doa la rangi nyekundu la kwake, na anayepanda kuendesha analinganisha kifundo na doa lake kabla ya kuwasha. Nati za chini ya madigadi tunazikagua kila tunapobadilisha oili, kwa kidole kwanza halafu kwa spana, na grisi iliyotoka tunairudishia.